Ugomvi wa Nyumbani Huanzia Wapi, na Mzigo Wake Humwangukia Nani

Waulize watu wa nyumba moja jana waligombania nini, utaambiwa: funguo, simu, taulo lililoachwa kitandani, mtoto aliyechelewa kurudi. Warudie baada ya mwaka. Taulo hakuna anayelikumbuka, lakini maneno yaliyosemwa siku ile yapo yote na bado yanachoma. Kinachogombaniwa na kinachouma mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Anayelalamikia taulo huenda anachotaka kusema ni kwamba amechoka kufanya kila kitu peke yake. Anayefoka kwa sababu ya simu huenda anaogopa kwamba hapendwi tena. Familia ikikazana kumaliza shauri la taulo, itatoka kikaoni na amani ya siku mbili, kisha itagombania sabuni.

Wahenga walisema vyombo vikaapo pamoja havikosi kugongana, na utafiti unawaunga mkono kuliko tunavyodhani. Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, ambaye kwa miongo kadhaa amewarekodi wanandoa wakizungumza na kubishana, aliona kwamba takriban asilimia 69 ya mambo wanayobishania hayaishi kamwe. Yanatokana na tofauti za hulka, za malezi na za mahitaji, na yanakuwepo hata kwa wanandoa wanaopendana na kudumu. Mmoja hupenda wageni, mwenzake hupenda utulivu. Mmoja huweka akiba kwa hofu, mwingine hutumia leo kwa kuwa kesho haijulikani. Miaka 20 baadaye bado ni hivyo hivyo.

Tofauti kati ya nyumba inayosimama na inayobomoka, kwa hiyo, haiko kwenye wingi wa mambo wasiyokubaliana. Iko kwenye namna ya kugombana. Gottman alibainisha tabia nne zinazoashiria hatari: kumshambulia mtu badala ya kulitaja kosa lake, dharau, kujitetea kabla hujasikiliza, na kujifungia kimya kama ukuta. Kati ya hizo, dharau ndiyo iliyobashiri talaka kwa nguvu zaidi. Kubetua midomo, kuigiza sauti ya mwenzako, kumsimanga mbele ya watoto, kumpiga vijembe mbele ya ndugu zake: mambo hayo humwambia kwamba hana hadhi hata ya kujibiwa.

Familia haivurugiki kwa sababu inagombana. Huvurugika inapokosa njia ya kuumaliza ugomvi, kisha ikatafuta mtu wa kumtwisha. Na anayetwishwa, mara nyingi mno, ni yule ambaye hakuuanzisha.

Wawili wakishindwana, huitwa wa tatu

Katika miaka ya 1950 daktari wa magonjwa ya akili Murray Bowen alifanya jambo ambalo hospitali za wakati huo hazikulizoea. Badala ya kumlaza mgonjwa peke yake, alimlaza na jamaa zake, wakaishi wodini pamoja, naye akawatazama kwa muda mrefu jinsi wanavyoamka, wanavyokula, wanavyonuniana na wanavyopatana. Swali lake likabadilika. Aliacha kuuliza huyu ana ugonjwa gani, akauliza hawa wanafanyiana nini.

Aliona kwamba mvutano wa watu wawili haukai kwa wawili. Ukizidi, mmoja wao humvuta wa tatu ili apumue. Bowen aliuita mpangilio huo pembetatu, na ukishauelewa utauona kila mahali. Mke aliyeshindwa kuzungumza na mumewe humweleza binti yake mkubwa, na binti anageuka msiri wa mambo ya ndoa ambayo umri wake hauyabebi. Mume aliyezira anamtuma mtoto: "Mwambie mama yako mimi nimetoka." Kaka wawili wasiosemeshana huwasiliana kupitia kwa dada yao, kila mmoja akimpa upande wake na kumtaka akubali kwamba mwenzake ndiye mwenye makosa. Mama mkwe husikiliza malalamiko ya mwanawe kuhusu mkewe, na kuanzia siku hiyo salamu zake kwa mkwe zinapoa, ingawa mwanawe alishasamehe tangu usiku ule ule.

Pembetatu hudumu kwa sababu inatuliza. Mwenye hasira amepata pa kuitua, na analala. Lakini suala lenyewe halijaguswa, na sasa kuna mtu wa tatu aliyelibeba bila uwezo wa kulitatua. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune: anayeacha shamba lake ili aegemee upande mmoja hubaki nje siku wenyewe wanapokumbatiana. Mtu mzima anaweza kuutii ushauri huo. Mtoto hana pa kwenda. Shamba lake ni hiyo nyumba.

Sura iliyojificha zaidi ya jambo hili ilielezwa na Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi ya tiba ya familia kwa miaka mingi mjini Philadelphia. Kuna wazazi ambao hawakubaliani kwa lolote isipokuwa moja: kwamba mtoto wao ni tatizo. Mtoto anapoanza kufeli, kuumwa tumbo kila asubuhi au kupigana shuleni, wazazi huacha kuzozana kwa muda na kuungana kumshughulikia. Wanakaa meza moja, wanaitwa shule moja, wanampeleka hospitali moja. Mtoto hajapanga hilo wala halijui, ila anachokionja ni kwamba akiharibikiwa, nyumba inatulia. Hapo atapona ili iweje? Wazazi humfikisha kwa mshauri nasaha wakisema kwa dhati kabisa, "Tusaidie kwa huyu, sisi wengine hatuna shida." Nadhani hakuna jambo katika mada hii ambalo lingewahi kueleweka lingewaepusha watoto wengi zaidi na viboko na majina ya aibu wasiyostahili.

Halafu yupo mtoto wa upande wa pili, ambaye hakuna anayempeleka kwa mshauri yeyote. Huyu huwabembeleza wadogo zake sauti zikipanda chumbani. Anajua baba akiingia kwa hatua zipi inabidi redio izimwe. Anamfariji mama, anaficha barua ya mwalimu ili asiongeze moto, anapata alama nzuri. Jirani humsifu kwamba amekomaa kuliko umri wake. Ivan Boszormenyi-Nagy, mmoja wa waasisi wa tiba ya familia, alieleza jinsi mtoto anavyoweza kugeuzwa mzazi wa wazazi wake. Utiifu huo humgharimu ukubwani. Hajui kuomba msaada, huona hatia akipumzika, na huvutwa na wapenzi wanaohitaji kuokolewa, kwa sababu kupenda na kuhudumia amejifunza kama kitu kimoja.

Yanayochochea

Watu wengi wakiulizwa chanzo cha migogoro ya familia hutaja pesa kwanza, na hawajakosea, ila pesa haifanyi kazi yake moja kwa moja. Katika miaka ya 1980 wakulima wengi wa jimbo la Iowa, Marekani, walikumbwa na madeni na wengine wakapoteza mashamba yao. Mwaka 1989 mwanasosholojia Rand Conger na wenzake walianza kuzifuatilia familia 451 za vijijini katika jimbo hilo, zenye watoto waliokuwa wanaingia ujana. Walichochora ni mnyororo. Kipato kikishuka, huja shinikizo la kila siku: bili zisizolipika, kuacha vitu ambavyo zamani vilikuwa vya kawaida. Shinikizo hilo huwatia wazazi huzuni na hasira za karibu. Hasira huingia kwenye ndoa, maneno yanakuwa makali, upole unapungua. Kutoka kwenye ndoa inashuka kwenye malezi: adhabu kali, au mzazi aliyechoka asiyejali tena mtoto yuko wapi. Mwisho wa mnyororo ni kijana mwenye sonona au matatizo ya tabia, ambaye hata kiwango cha deni la nyumbani hakijui.

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanaonyesha kiungo kinachoweza kukatika. Katika baadhi ya familia hizo hali ilikuwa ngumu vile vile, lakini mume na mke walibaki upande mmoja. Walikaa wakapanga, walitiana moyo, na ukali wa nje haukufika kwa watoto kwa nguvu ile ile. Umaskini huumiza, na ni uonevu kuwaambia wenye shida kwamba wangependana tu yangekwisha. Lakini hilo ni tofauti na kusema hakuna kinachofanyika mpaka pesa irudi.

Kichocheo cha pili ni vipindi vya mpito. Kifungua mimba huzaliwa, na watu wawili waliokuwa wakilala hadi jua kuwaka wanajikuta hawajalala wiki nzima huku hawajawahi kukubaliana nani ataamka. Mtoto huingia ujana na kuanza kuhoji amri alizokuwa akizitii. Baba anastaafu na kurudi kuishi mchana kutwa ndani ya nyumba ambayo kwa miaka 30 ilikuwa ikiendeshwa bila yeye. Mzazi anazeeka, na mtoto mmoja, mara nyingi wa kike, anajikuta ndiye anayemuuguza huku wengine wakituma salamu. Katika kila kipindi kanuni za zamani hazitoshi tena na mpya hazijatungwa. Ugomvi wa vipindi hivi ni dalili ya kukua, kama familia itakubali kujipanga upya. Unakuwa sugu pale mtu anapong'ang'ania kwamba nyumba iendeshwe kama ilivyokuwa.

Mirathi inastahili kutajwa peke yake kwa kuwa ndugu wengi hutengana hapo moja kwa moja. Kwa juu hesabu inaonekana ya mali: nyumba, kiwanja, akaunti. Kwa chini ni hesabu ya zamani zaidi. Nani alipendwa? Nani aliachishwa masomo ili mwingine asome? Nani alimwogesha mama miaka yake ya mwisho, na nani alikuja msibani tu? Mzazi alipokuwa hai, maswali hayo yalizuiliwa na uwepo wake. Akifa, kitu cha mwisho kinachoweza kuyajibu ni mgawanyo, na ndiyo maana watu wazima wenye uwezo wao wanaweza kuburuzana mahakamani kwa ajili ya kabati. Mzazi anayeandika wosia bila kueleza sababu za uamuzi wake huwaachia wanawe kazi ya kuzikisia, na kila mmoja atakisia kwa kidonda chake.

Ulevi na magonjwa ya akili yasiyotibiwa huivuruga familia kwa njia yake. Nyumba nzima hujipanga kumzunguka mmoja: leo ameamkaje, atarudi katika hali gani, mgeni aambiwe nini. Huzaliwa amri isiyoandikwa kwamba yanayotokea ndani hayasemwi nje, na baadaye hayasemwi hata ndani. Mtoto anayeambiwa kwamba hakuona alichokiona hujifunza kutoyaamini macho yake, na hilo huchukua muda mrefu kulirekebisha.

Hapa lazima nitenganishe kitu. Kipigo, vitisho, kumnyang'anya mtu pesa zake au simu yake na kumtenga na ndugu zake si ugomvi wa pande mbili. Ni utawala wa mmoja juu ya mwingine. Shirika la Afya Duniani katika makadirio iliyoyatoa mwaka 2021 lilieleza kwamba takriban asilimia 27 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenzi wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wao angalau mara moja maishani. Kuwakalisha wawili hao kikao kimoja na kuwaambia kila mtu ashuke kidogo humweka anayepigwa kwenye hatari, kwa sababu atakayoyasema kikaoni atayalipia nyumbani. Siku za kuondoka, pia, ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Anayetaka kumsaidia aanze na usalama, kwa siri na kwa mpango. Upatanisho hauna nafasi pale ambapo mmoja anaogopa kufungua mdomo.

Dakika ndogo ndogo

Tukisikia familia iliyovurugika tunafikiria matukio makubwa. Gerald Patterson, aliyekuwa akifanya utafiti wake katika jimbo la Oregon, aliingia majumbani akatazama madogo, akahesabu nani kasema nini na nini kikafuata. Mama anamwambia mtoto azime televisheni. Mtoto analalama. Mama anarudia kwa sauti ya juu. Mtoto anapiga kelele, anatupa kitu. Mama amechoka, anaondoka akisema, "Haya, shauri yako." Kelele zinakoma. Kila mmoja hapo amepata tuzo: mtoto amejua kwamba ukizidisha unaachiwa, mama amepata kimya kwa kusalimu amri. Kesho mtoto ataanzia juu zaidi. Siku nyingine mama atakuwa na hasira kuliko yeye, atamchapa, na mtoto atanyamaza. Sasa mama naye amejifunza kwamba kuzidisha kunalipa.

Patterson aliuona huo kuwa mzunguko wa kushurutishana, na alionyesha kwamba mtoto aliyefuzu katika shule hiyo huupeleka mchezo nje: kwa wenzake, ambao humkimbia, na kwa walimu, ambao humwadhibu. Hubaki na marafiki wa aina yake. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kusema hapa ndipo alipoharibikia. Ni mafunzo ya dakika mbili mbili yaliyorudiwa mara elfu, na walimu wake walikuwa wamechoka tu.

Habari njema ni kwamba mzunguko huo huo ndio mahali rahisi pa kuanzia. Amri chache, zilizosemwa kwa utulivu na kusimamiwa hadi mwisho. Adhabu ndogo isiyobadilika kulingana na hasira ya siku. Na kumwona mtoto anapofanya vizuri, jambo ambalo wazazi waliolemewa huacha kabisa kwa kuwa utulivu hauwaiti. Mafunzo ya wazazi yaliyojengwa juu ya kazi ya Patterson yamejaribiwa katika nchi mbalimbali na kupunguza ukorofi wa watoto.

Mtoto husikia

Wazazi hujifariji kwamba mtoto ni mdogo, haelewi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walichapisha matokeo ya kuwapima ubongo watoto wachanga wa miezi 6 hadi 12 wakiwa wamelala usingizi, huku wakisikilizishwa sauti za mtu zenye hisia tofauti. Kwa watoto waliotoka kwenye nyumba zenye ugomvi mwingi wa wazazi, sauti ya hasira iliamsha kwa nguvu zaidi sehemu za ubongo zinazohusika na msongo na kudhibiti hisia. Maneno hawakuyaelewa. Sauti ilitosha.

Wengine hudai kwamba mtoto huzoea. Mark Cummings, ambaye amechunguza suala hili kwa miongo kadhaa, alikuta kinyume chake: mtoto aliyeshuhudia ugomvi mwingi hushtuka upesi zaidi, si polepole zaidi. Mlango ukigongwa kwa nguvu na upepo, yeye ameshasimama. Mwaka 1994 Cummings na Patrick Davies walieleza kwamba mtoto kila mara anajiuliza swali moja kimoyomoyo: je, hawa wataendelea kunilinda, na mimi bado niko salama? Anayejibiwa hapana hutumia nguvu zake kulinda amani ya nyumbani, na zinazobaki ndizo anazoendea darasani. Mwalimu anamwona mzembe.

Wala haikuwa lazima watu wapayuke. Kununiana kwa wiki nzima, chakula kinacholiwa bila neno na heshima ya baridi kati ya wazazi humtia mtoto wasiwasi vile vile, pengine zaidi, kwa sababu hakuna tukio la kulinyooshea kidole. Anajua kuna kitu, haambiwi ni nini, na watoto wanapokosa maelezo hujaza pengo kwa kujilaumu.

Lakini jambo la Cummings ambalo ningependa kila mzazi alijue ni hili: ugomvi uliomalizwa hauna madhara yale yale. Watoto walioona wazazi wakitofautiana kisha wakapatana walipungukiwa sana na huzuni na hofu. Hata upatanisho uliofanyika faraghani, watoto wakaelezwa baadaye kwamba mambo yamekwisha, uliwasaidia. Tumezoea kugombana mbele ya watoto na kupatana chumbani. Wanaona nusu ya somo, na ni ile mbaya.

Miaka mingi baadaye

Mwishoni mwa karne iliyopita daktari Vincent Felitti alikuwa akiendesha kliniki ya watu wenye unene uliopindukia mjini San Diego. Kilichomshangaza ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakifanikiwa kupungua ndio waliokuwa wakiacha matibabu. Alipowahoji, alikuta wengi walikuwa wametendewa ukatili utotoni, na kwa baadhi yao unene ulikuwa kinga. Akishirikiana na Robert Anda, walipanua swali hilo, na mwaka 1998 wakachapisha majibu ya watu wazima zaidi ya 9,500. Waliuliza kuhusu ukatili wa utotoni na nyumba zilizovurugika: mama anayepigwa, mlevi ndani ya nyumba, mwenye ugonjwa wa akili, jamaa aliyefungwa. Waliopitia aina nne au zaidi za masaibu hayo, wakilinganishwa na wasiopitia hata moja, walikuwa na uwezekano wa mara 4 hadi 12 zaidi wa kuwa walevi, kutumia dawa za kulevya, kupata sonona au kujaribu kujiua. Magonjwa ya moyo, ya mapafu na ya ini yaliongezeka pia kadiri masaibu yalivyoongezeka.

Hata kwa watu wazima mwili hauachwi. Mwaka 2005 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwatia wanandoa 42 vidonda vidogo vya malengelenge kwenye mkono na kuvifuatilia. Vidonda vilichelewa kupona baada ya mazungumzo ya mambo wanayogombania, kuliko baada ya mazungumzo ya kutiana moyo. Na wanandoa waliokuwa na uhasama mwingi walipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wale wenye uhasama mdogo.

Takwimu hizi zisomwe kwa tahadhari, kwani nimeona watu wakizigeuza hukumu. Uwezekano wa kundi si hatima ya mtu. Katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wote 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi ukubwani. Kati ya waliokulia kwenye umaskini, ugomvi na ugonjwa wa wazazi, kama theluthi moja walikua watu wazima wenye kujiamini, wenye kazi na wenye upendo. Kilichojirudia katika maisha yao kilikuwa mtu mzima mmoja wa kudumu aliyewashika, awe bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Anayeona mtoto wa ndugu yake anakulia kwenye nyumba inayowaka asidhani kwamba kwa kuwa hawezi kuuzima moto basi hana la kufanya.

Tuvumilie kwa ajili ya watoto?

Swali hili halina jibu moja, lakini lina jibu bora kuliko yale ya ubishi wa kawaida. Paul Amato na wenzake, wakitumia utafiti ulioanza mwaka 1980 wa kuwafuatilia wanandoa wa Marekani na baadaye watoto wao, walikuta kwamba inategemea nyumba ilikuwaje kabla. Watoto wa ndoa zenye ugomvi mkali waliendelea vizuri zaidi wazazi walipoachana kuliko walipobaki pamoja. Watoto wa ndoa ambazo hazikuwa na ugomvi mwingi, zilizokufa kwa upweke au kuchoshana, ndio walioumizwa zaidi na talaka. Kwao ilikuwa radi kwenye mbingu safi. Talaka yenyewe, tena, haimalizi ugomvi kila mara. Wapo wazazi wanaoachana wakaendeleza vita kupitia ada ya shule, siku za kumchukua mtoto, na maswali ya "baba yako yuko na nani siku hizi?" Mtoto huyo amepewa nyumba mbili na pembetatu ile ile.

Kuumaliza

Kazi ya kwanza ni kumtoa wa tatu. Ujumbe wa baba kwa mama upelekwe na baba. Binti akianza kusikiliza siri za ndoa, mama atafute rafiki wa rika lake au mshauri. Anayeombwa kubeba maneno ana haki ya kusema, "Hilo mwambie mwenyewe." Mvutano utapanda mwanzoni, kwa kuwa njia yake ya kupumulia imezibwa. Kupanda huko kusichukuliwe kuwa kushindwa.

Pili, hasira ina mwili. Gottman aliona kwamba mapigo ya moyo yakipita takriban 100 kwa dakika mtu hasikii vizuri anachoambiwa, na mwili huhitaji dakika zisizopungua 20 kutulia. Kuondoka kwa muda huo ni busara, mradi useme unarudi saa ngapi, na urudi. Anayeondoka bila kusema anamwachia mwenzake kazi ya kuhesabu kama ameachwa.

Tatu ni mpatanishi. Mtu wa nje husaidia akiwa na uwezo wa kuwarudisha wenye ugomvi wazungumze wao kwa wao. Mzee au mshauri anayesikiliza kila upande kivyake na kutoa hukumu anaweza kuleta utulivu, lakini ameongeza pembe nyingine, na ugomvi ujao utamsubiri yeye.

Wapo waliofika mbali kuliko hapo, hawasemeshani kabisa. Karl Pillemer wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha mwaka 2020 uchunguzi ambamo asilimia 27 ya watu wazima wa Marekani walioulizwa walisema wamekatana mawasiliano na jamaa fulani. Aliwatafuta pia waliorudiana baada ya miaka, akawauliza walifanyaje. Wengi wao waliacha kudai kwamba mwenzao akubali simulizi yao ya yaliyopita, na waliacha kusubiri radhi ndipo waanze. Wakauliza badala yake ni uhusiano gani unaowezekana sasa, pengine mdogo kuliko walioutamani: simu mara moja kwa mwezi, ziara fupi, mada zisizofunguliwa, na sharti lililo wazi la kitakachofuata likivunjwa.